Mto Simiyu na Amri ya Kufyeka

Tumezoea kusikia kwamba Usukuma uligeuka jangwa kwa sababu ya wingi wa ng'ombe. Mimi ni mtoto wa Malampaka, wilayani Maswa, na naona simulizi hiyo inaanzia katikati.

Miaka ya 1890 sotoka iliua ng'ombe kwa wingi. Malisho yakaota vichaka, vichaka vikaleta mbung'o. Kuanzia miaka ya 1920 serikali ya Waingereza iliona dawa ni kufyeka, na wanakijiji wakaitwa na mashoka yao. Reli ya Tabora hadi Mwanza, inayopita Malampaka, ilikamilika mwaka 1928. Pamba ikapata njia, mashamba yakapanuka.

Maji ya sehemu kubwa ya Maswa huelekea Mto Simiyu, unaoingia Ziwa Victoria kwenye Ghuba ya Speke. Ardhi tupu haishiki mvua. Mto hufurika ukiwa na tope, kisha hubaki mchanga ambao watu huuchimba kutafuta maji. Mafunjo ya ziwani hunasa tope, lakini si lote.

Wasukuma walikuwa na ngitili: eneo linalofungwa wakati wa mvua ili nyasi zisubiri kiangazi. Mradi wa HASHI, ulioanza mwaka 1986, uliirudia desturi hiyo. Mwanzoni mwa miaka ya 2000, ngitili za Mkoa wa Shinyanga wa wakati huo, Maswa ikiwamo, zilizidi hekta 300,000.

Anayemlaumu mfugaji aikumbuke kwanza amri ya kufyeka. Mfugaji ndiye aliyejua kufunga.