Shamba la Baba



Habari za hisa na mikopo ya miaka hii 10 ataeleza mhazini. Mimi naeleza siku tuliyofunga sanduku kabla ya kuhesabu.

Mwenzetu mmoja aliachiwa shamba na baba yake. Kaka zake wakasema eti mwanamke analima tu, hamiliki. Nisifiche, hata mimi niliwahi kuwaambia binti zangu hivyo hivyo.

Basi mgeni wetu, mwalimu, akatusimulia kesi ya jirani zetu wa Kagera. Bibi Holaria Pastory wa Muleba alirithi shamba la ukoo kwa wosia wa baba yake. Mwaka 1988 akaliuza shilingi 300,000 kwa mtu asiye wa ukoo. Ndugu yake, Bernardo Ephrahim, akashitaki, maana mila ya Kihaya haikumruhusu mwanamke kuuza. Mahakama ya Mwanzo ikabatilisha mauzo, ya Wilaya ikampa Bibi haki. Februari 1990 Jaji Mwalusanya wa Mahakama Kuu, Mwanza, akasema mila hiyo inapingana na Katiba. Bibi akashinda.

Baadaye ikaja Sheria ya Ardhi ya Vijiji ya 1999: mila inayomnyima mwanamke ardhi haina nguvu, na Baraza la Ardhi la Kijiji la watu 7 liwe na wanawake 3.

Tukamsindikiza mwenzetu barazani, wengine na watoto mgongoni. Shamba alipewa. Leo lina maharage. Kaka yake mkubwa bado hamsalimii.