Mkanda Usioungika

Tarehe 28 Mei 1907, pikipiki zilishindana katika Kisiwa cha Man kwenye mbio zinazojulikana mpaka leo kama TT. Rem Fowler, aliyeendesha Norton, alilazimika kusimama njiani mara kadhaa kushughulikia plagi na mkanda uliopeleka nguvu ya injini kwenye gurudumu la nyuma. Hata hivyo alishinda daraja la injini za silinda mbili. Historia huwakumbuka washindi kwa mwendo wao; mimi navutiwa zaidi na kule kusimama kwake.

Mikanda mingi ya enzi hizo ilikuwa ya ngozi, au ya mpira na kitambaa. Ililegea, iliteleza mvua iliponyesha, ilikatika. Lakini ncha zake mbili ziliunganishwa kwa kifungo cha chuma. Aliyekatikiwa aliondoa sehemu iliyochakaa, akatoboa tundu jipya, akafunga, akaondoka. Mkanda ulikuwa dhaifu, ila dawa yake alikuwa nayo dereva mwenyewe.

Mwaka 1911, pikipiki za Indian kutoka Marekani, zenye mnyororo na gia mbili, zilishika nafasi tatu za kwanza katika mbio kuu za TT. Mkanda ukaanza kuachwa. Mnyororo ulidai mafuta na kukazwa mara kwa mara, lakini nao ulikuwa na kiungo kinachofunguka. Ndiyo maana fundi wa bodaboda, chini ya mwembe, bado anaweza kuunga cheni kwa koleo na nyundo.

Mkanda ulirudi kwa sura nyingine. Mwaka 1965, Stephanie Kwolek, mkemia wa kampuni ya DuPont, aligundua nyuzi ngumu zilizokuja kuitwa Kevlar. Nyuzi za jamii hiyo ziliingia katika mikanda ya meno, na mwaka 1980 Harley-Davidson ikaitumia kwenye pikipiki yake iitwayo Sturgis. Baadaye baadhi ya pikipiki za umeme, kama za Zero, ziliurithi kwa sababu hauna kelele wala hauhitaji mafuta.

Mkanda huu hudumu maelfu ya kilomita, ila hauungiki: ni pete moja, haina ncha. Kokoto ikinaswa kati yake na gurudumu la meno, huweza kujeruhi nyuzi za ndani. Ukikatika, mota huzunguka bure, na ile breki inayorudisha umeme kwenye betri nayo hupotea. Dawa ni kuzima pikipiki, kutoa ufunguo, kulegeza ekseli, kusogeza tairi mbele, kuvisha mkanda mpya, kisha kunyoosha tairi na kupima mkazo. Mwenye spana sahihi anaiweza kazi hiyo kando ya barabara, mradi awe amebeba mkanda wa akiba bila kuupinda sana. Mkunjo mkali huharibu nyuzi kabla haujafanya kazi.

Tunapojadili pikipiki za umeme Nairobi, Kigali au Dar es Salaam, tunauliza kuhusu betri na bei ya chaji. Ziwe za mkanda, za cheni au za mota ndani ya tairi, tuulize pia: zikiharibika usiku mbali na mji, spea iko wapi, na nani amefundishwa kuifunga? Kwa dereva anayedaiwa hesabu kila jioni, pikipiki inayoharibika mara moja tu kwa mwaka, lakini ikalala wiki nzima ikisubiri kifaa, si nafuu.