Bustani ya nani? Historia fupi ya Central Park

Mlipoona picha za Central Park wengi mliandika kwamba kumbe New York ina msitu katikati ya mji. Leo nawaletea historia yake, maana ule si msitu wa asili. Ulipangwa na watu, na swali la tangu mwanzo ni hili: nani aliulizwa?

Mwaka 1825 Andrew Williams, kijana mweusi mpiga kiwi viatu, alinunua viwanja vitatu huko kwa dola 125. Wengine wakamfuata, kijiji kikaitwa Seneca Village. Mwaka 1855 kilikuwa na watu kama 225, wengi weusi, na wengine wahamiaji kutoka Ireland. Walikuwa na makanisa matatu na shule. Tena kiwanja hakikuwa nyumba tu: jimbo la New York lilimtaka mwanaume mweusi awe na mali ya dola 250 ndipo apige kura, sharti ambalo mweupe hakuwekewa.

Mwaka 1853 ikapitishwa sheria ya kuchukua ardhi ya bustani. Wenye viwanja walilipwa fidia, ila magazeti yaliwaita wavamizi, na kufikia 1857 wote walikuwa wameondolewa. Mwaka 1858 ramani ya Frederick Law Olmsted na Calvert Vaux ikashinda shindano. Ramani nzuri kweli, lakini wenye mahali hawakuulizwa. Kibao cha kuwakumbuka kiliwekwa mwaka 2001!

Mara ya pili ni 1956. Robert Moses, mkubwa wa bustani zote za jiji, aliamua kukata miti walipocheza watoto ili magari ya wateja wa mgahawa mmoja yapate maegesho. Kina mama wa jirani wakatoka na watoto wao na kusimama mbele ya tingatinga. Picha zikajaa magazetini, mahakama ikasimamisha kazi, na Moses, mtu ambaye hakuzoea kuambiwa hapana, akanywea. Pakajengwa uwanja wa watoto.

Mara ya tatu ni upande wa kaskazini, jirani na Harlem. Mwaka 1966 palijengwa bwawa la kuogelea ambalo majira ya baridi liligeuzwa uwanja wa barafu. Zege lake liliziba kijito na kukata njia. Safari hii, kabla ya kubomoa, wakazi waliitwa mikutanoni waseme wanataka nini. Bwawa likabaki, barafu ikabaki, na kijito kikafunguliwa tena. Si wote waliofurahi, wachezaji wa magongo ya barafu walilalamika kwamba nafasi yao imepungua. Lakini walilalamika ramani ikiwa bado karatasini. Jengo jipya, Davis Center, lilifunguliwa Aprili 2025.

Mimi kama nesi jambo hili linanigusa. Tunamwambia mgonjwa wa sukari au presha, "Tembea kila siku." Atembee wapi kama uwanja wa mtaani umezungushiwa ukuta? Na mpimaji wa ramani hajui bibi gani anahitaji benchi kila baada ya hatua kadhaa, wala njia ipi wasichana wanaiogopa jioni. Mkazi anajua.

Na sisi tunayo historia yetu. Mwaka 1989 Wangari Maathai alipinga jengo la ghorofa 60 ndani ya Uhuru Park, Nairobi. Alitukanwa sana, lakini jengo halikujengwa.

Basi mkisikia kuna mkutano wa mtaa kuhusu uwanja wenu wa wazi, nendeni, hata kama jua ni kali na viti hakuna. Kusema mapema ni rahisi kuliko kusimama mbele ya tingatinga.

Niandikieni: huko kwenu uwanja upi wa utotoni bado upo? Nawasalimu wote, wakubwa shikamooni.