Anguko la Makbeth

Mwaka 1975, nikiwa mwanafunzi wa ualimu, tulicheza Makbeth katika bwalo la chuo. Tulitumia tafsiri ya S. S. Mushi, iliyotoka mwaka 1968. Mkufunzi wetu alihofu kuwa maneno matupu yangewachosha watazamaji, akaingiza ngoma na nyimbo za Kisukuma. Mimi nilikuwa mchawi wa pili. Tulipakana rangi nyekundu kuzunguka macho, maana kwetu kikongwe mwenye macho mekundu ndiye huitwa mchawi.

Kuutia mchezo huu nyimbo hatukuanza sisi. Huko London, katika miaka ya 1660, William Davenant aliutengeneza upya, wachawi wakaimba, wakacheza na kuruka kwa mitambo. Verdi wa Italia aliufanya opera mwaka 1847. Kila muziki ulipoongezwa, wachawi nao walizidi kupewa nafasi.

Makbeth wa historia alikuwa mtu mwingine kabisa. Mfalme Duncan aliuawa vitani mwaka 1040, si kitandani, na Makbeth akatawala Uskoti miaka 17. Mwaka 1050 alikwenda kuhiji Roma. Mfalme anayechukiwa na watu wake, nadhani, haachi kiti akaenda safari ndefu namna hiyo. Aliuawa mwaka 1057 akipigana na Malcolm, mwana wa Duncan. Shakespeare aliandika yapata mwaka 1606, chini ya Mfalme James, ambaye mwaka 1597 alikuwa ametoa kitabu kizima juu ya uchawi.

Hata hivyo, huyu wa jukwaani ndiye aliyenikaa moyoni. Wachawi wanamwambia atakuwa mfalme, hawamwambii aue. Kisu anakishika mwenyewe, mgeni wake akiwa usingizini. Baadaye anaegemea maneno yao, kwamba hatashindwa mpaka msitu utembee, wala hatadhurika na mtu aliyezaliwa na mwanamke. Msitu unatembea, kwa kuwa askari wamejifunika matawi. Na Macduff alitolewa tumboni mwa mama yake kwa kupasuliwa. Kinachosikitisha ni kwamba Makbeth anaujua ubaya wake tangu mwanzo. Mkewe amekufa, rafiki hana, na bado anapigana. Kijana mwenzetu alianguka vizuri hata akina mama wa jikoni wakatoa machozi. Sisi wachawi tulipotoka kuaga, tulizomewa.

Likizoni nikarudi nyumbani Kiseke, enzi hizo mashamba na mawe tu. Jioni nikawachezea watoto ile sehemu yangu. Walicheka sana. Kisha mmoja akamtazama Bibi, aliyekuwa akipuliza moto, akasema, "Macho kama ya Bibi." Kicheko kikakatika, wakasogea mbali naye kidogo. Kuni zilikuwa haba kwetu, na Bibi alikuwa amepikia kinyesi kikavu cha ng'ombe miaka yote ya ndoa yake. Wekundu wa macho yake ulikuwa wa moshi ule.

Mwaka uliofuata Serikali iliendesha msako mkali Mwanza na Shinyanga kwa sababu ya mauaji ya watu walioitwa wachawi. Watuhumiwa waliteswa, wengine wakafia mikononi mwa dola. Mwaka 1977 Ali Hassan Mwinyi, Waziri wa Mambo ya Ndani, alijiuzulu akibeba dhamana ya kosa ambalo mkono wake haukutenda. Mauaji ya vikongwe hayakukoma hapo. Miaka yote niliyofundisha historia, sikupata kulisimulia jambo hilo bila kuiona ile rangi usoni mwangu.

Jioni ile Bibi hakuwakemea watoto. Aliniuliza tu, kwa Kisukuma:

"Mjukuu wangu, wachawi waliwazomea. Na huyo aliyemchinja mgeni wake, mlimwimbia nini?"

Nikamjibu kweli, kwamba tulimwimbia wimbo wa msiba.

Akaongeza kinyesi motoni, akainama kupuliza.