Usanidi wa Uundaji na Mipangilio ya Uendeshaji

Usanidi wa uundaji ni kazi ya kuamua, kabla programu haijaundwa, itakuwa na sehemu zipi, itategemea maktaba zipi za kompyuta husika na itawekwa katika saraka ipi. Kazi hiyo hufanywa pale programu inapopokelewa ikiwa msimbo chanzo, yaani maandishi ya lugha ya programu ambayo binadamu huweza kuyasoma na kuyahariri, na ambayo hayana budi kukompailiwa, maana yake kugeuzwa na programu nyingine iitwayo kompaila yawe faili ambayo mashine huiendesha moja kwa moja. Maelekezo anayoyatoa msimamizi katika hatua hiyo ndiyo huitwa machaguo ya uundaji.

Historia ya bandari ya Kisumu inasaidia kuieleza tofauti iliyopo kati ya njia hiyo na ile ya kupokea programu iliyokwisha kukompailiwa. Meli SS Winifred na SS Sybil, zilizoingia katika Ziwa Viktoria mwanzoni mwa karne ya 20, ziliundwa Paisley, Uskoti, zikafunguliwa vipande vipande na kusafirishwa hadi Kisumu, ambako ziliungwa upya. Kazi ya kuunga ilifanywa ziwani, lakini umbo la meli na injini yake vilikuwa vimekwisha kuamuliwa Uskoti. Pakiti iliyokwisha kukompailiwa nayo huja na maamuzi ya aliyeiandaa, ilhali anayeanza na msimbo chanzo huyafanya maamuzi hayo mwenyewe na kuwajibika kwayo.

Uzito wa maamuzi hayo huonekana wazi katika programu za uthibitishaji wa mtandao, ambazo kazi yake ni kuhakikisha kwamba anayeomba kuingia mtandaoni ndiye anayedai kuwa. Vyuo vikuu vya eneo la ziwa hilo, vikiwamo Maseno na kile cha Jaramogi Oginga Odinga kilichoko Bondo, ni wanachama wa KENET, mtandao wa elimu na utafiti wa Kenya ulioanzishwa mwaka 1999, ambao pia ndio unaosimamia eduroam nchini. Kwa utaratibu wa eduroam, mwanafunzi anayetembelea chuo kingine kilichojiunga huingia mtandaoni kwa jina na nywila ya chuo chake: seva ya chuo alichotembelea huisoma sehemu ya jina inayofuata alama ya @, kisha huyapeleka maombi yake, kupitia seva ya kitaifa, hadi seva ya chuo anachotoka. Mazungumzo hayo hufuata itifaki ya RADIUS, ambayo kiwango chake kilichapishwa mwaka 2000 kwa namba RFC 2865, na mojawapo ya programu huria zinazoitekeleza ni FreeRADIUS, iliyoanzishwa mwaka 1999.

Anayeikompaili FreeRADIUS huanza kwa kuiendesha skripti iitwayo `configure`, ambayo huikagua kompyuta, huzitafuta maktaba zinazohitajika pamoja na faili zake za matamko, yaani zile zinazoieleza kompaila yaliyomo ndani ya maktaba, kisha huandaa maagizo yatakayofuatwa na amri ya `make`. Amri ya `make install` ndiyo humalizia kwa kuisakinisha programu. Chaguo la `--prefix` huamua mahali pa kuisakinisha, na lisipotajwa, faili huenda chini ya `/usr/local`. Chaguo la `--with-openssl-lib-dir` huonyesha ilipo OpenSSL, maktaba ya usimbaji fiche ambayo mbinu za uthibitishaji za PEAP na TTLS hujengwa juu yake, na ambayo bila hiyo seva haiwezi kuilinda nywila ya mwanafunzi ndani ya njia iliyosimbwa. Kwa sababu hiyo, tangu toleo la 3 la FreeRADIUS, skripti husimama na kutoa kosa ikiikosa maktaba hiyo, isipokuwa msimamizi ameamuru waziwazi kwamba programu iundwe bila hiyo.

Maktaba nyingine hazina ulinzi wa namna hiyo. Faili za matamko za LDAP, itifaki inayotumika kusoma orodha ya watumiaji wa taasisi, zikikosekana, skripti huandika onyo tu kwamba moduli husika, yaani kipande cha programu kinachoitumia LDAP, haitaundwa, kisha huendelea hadi mwisho. Msimamizi asiyelisoma onyo hilo hugundua pengo siku anapoitaja moduli hiyo katika faili za mipangilio na seva ikakataa kuanza. Na hata azihariri faili hizo mara ngapi, hatafanikiwa, kwa kuwa kinachokosekana hakikuwahi kuundwa. Dawa yake ni kusakinisha faili za matamko, kuiendesha upya `configure` na kukompaili tena.

Hapa ndipo istilahi inapohitaji uangalifu, kwa kuwa neno usanidi, likiachwa peke yake, hutumika kwa maamuzi yanayotangulia kompaila na pia kwa marekebisho yanayofanywa baada ya programu kusakinishwa. Watumiaji wa simu wamekwisha kulizoea neno mipangilio kwa maana hii ya pili, na neno sakinisha, linalotokana na kusakini, yaani kukaa mahali, limeshika nafasi yake kwa hatua iliyo kati ya hizo mbili. Kuunda nalo ni kitenzi kilichozoeleka kwa vyombo vya majini na mitambo, hivyo usanidi wa uundaji unalitaja jambo kwa wakati wake, na mipangilio ya uendeshaji inabaki kwa yale yanayoweza kubadilishwa programu ikiwa imekwisha kuwapo.

Walimu wa vyuo na waandishi wa miongozo ya Kiswahili wanapaswa kuzitenganisha istilahi hizi mbili tangu somo la kwanza. Msimamizi naye aihifadhi faili ya `config.log`, ambamo amri iliyotumika na machaguo yake yote huandikwa, ili toleo jipya linapokompailiwa liundwe kwa maamuzi yaleyale yaliyokwisha kuthibitika.