Ngwe na Wigo: Kijiji cha Laxton

Umbo la kijiji si jambo la bahati. Mahali zilipo nyumba, upande zinakoelekea njia, na mpaka baina ya shamba na shamba, yote ni maandishi. Na ajuaye kuyasoma hutambua nani alimiliki ardhi, nani aliilima, na nani aliondolewa. Laxton, kijiji kidogo cha Nottinghamshire nchini Uingereza, ni kitabu adimu cha maandishi hayo, kwani kurasa zilizofutwa kwingine humo zingali zasomeka.

Mwaka 1635 mpima ardhi Mark Pierce aliichora ramani ya kijiji hicho kwa ajili ya Sir William Courten, mfanyabiashara wa London aliyekuwa amekinunua. Ramani hiyo, iliyohifadhiwa katika maktaba ya Bodleian mjini Oxford, yaonyesha nyumba zilizojipanga kandokando ya njia, kila moja na kiunga chake nyuma. Kuvizunguka viunga palikuwa na mashamba makubwa yasiyo na wigo, yaliyokatwa ngwe nyingi nyembamba. Ngwe za mkulima mmoja hazikukaa pamoja: moja ilikuwa penye rutuba, nyingine penye majimaji, ili neema na taabu ya udongo vigawanyike. Kwa sababu hiyo haikumfaa mtu kuhamia shambani. Mahali palipokuwa karibu na ngwe zake zote ni kijijini.

Mpango huo ulidai mapatano. Shamba moja lilipandwa ngano, la pili shayiri au jamii ya kunde, na la tatu lilipumzishwa. Mwaka uliofuata yakapokezana zamu. Mavuno yakiisha, mifugo ya wanakijiji ililishwa pamoja juu ya mabua. Aliyelima kupita mpaka wake alitozwa faini na baraza. Tusidhani kwamba huo ulikuwa usawa, maana ardhi ilikuwa na bwana wake, na bwana alilipwa kodi. Walakini mnyonge aliyekuwa na haki ya malisho aliweza kufuga ng'ombe wake, na maziwa ya ng'ombe mmoja yalikuwa kinga ya nyumba nzima dhidi ya ufukara.

Kisha wigo ulikuja. Kati ya 1604 na 1914 Bunge lilipitisha sheria zaidi ya 5,000 za kuzungushia ardhi wigo, nyingi baada ya 1750. Ngwe zilizotawanyika zilikusanywa zikawa shamba moja la mtu mmoja, na haki za pamoja zikakoma. Nchi ikageuka sura: nyua za miiba zilipandwa, njia zilinyoshwa, na wakulima wenye uwezo walijenga katikati ya mashamba yao, mbali na majirani. Helpston, alikozaliwa mshairi John Clare mwaka 1793, sheria yake ilipitishwa mwaka 1809. Naye, mwana wa kibarua, aliililia ardhi hiyo katika mashairi yake.

Waliotetea wigo walisema kwamba mavuno yangezidi, na aghalabu yalizidi. Lakini waliopata na waliopoteza hawakuwa watu wale wale. Aliyegawiwa kipande kidogo mara nyingi alishindwa gharama ya kukizungushia wigo, akakiuza, akawa kibarua au akafuata viwanda mjini.

Laxton ilisalimika kwa sehemu tu, wala si kwa hekima ya mtu. Ardhi yake nyingi ilizungushiwa wigo kidogo kidogo. Na iliyobaki ilinusurika kwa kuwa makabaila wawili walioimiliki hawakuafikiana namna ya kubadilishana. Mwaka 1952 wizara ya kilimo iliinunua, mwaka 1981 ikahamia katika mali za Taji, na mwaka 2020 ikauzwa kwa milki ya Thoresby. Siku hizi trekta hulima, na ngwe zimekuwa chache na pana zaidi. Hata hivyo, kila mwaka kuelekea mwisho wa Novemba, wazee wa baraza hutoka kukagua shamba la ngano, na aliyevuka mpaka hutozwa faini.

Basi mwanafunzi wa historia aionapo ramani ya kijiji chochote, asiishie kuuliza mipaka iko wapi. Na aulize pia ni nani aliyelipa ujira wa mchoraji, na ni haki ya nani ambayo haikupata mstari.