Asili ya Kiatu cha Mchakamchaka

Mwaka 1968, katika jimbo la South Carolina huko Marekani, askari wa polisi alimsimamisha mtu mmoja mwenye umri mkubwa aliyekuwa akikimbia taratibu barabarani, na baada ya kumhoji ikabainika kuwa aliyesimamishwa ni Strom Thurmond, mjumbe wa Baraza la Seneti, aliyekuwa akinyoosha viungo. Askari yule hastahili lawama, kwani zama zile mtu mzima hakukimbia njiani ila kwa sababu, na sababu hizo aghalabu hazikuwa za heri. Hata kwetu mchakamchaka ulikuwa wa wanafunzi na wa askari, wakiuimbia alfajiri kabla ya gwaride, na aliyemaliza shule aliuaga pamoja na kaptura yake. Kwa hiyo atakaye kujua raba za kukimbilia zilizojaa madukani leo zimetoka wapi, hana budi aulize kwanza ni nani aliyemtoa nje mtu wa makamo, mwenye kitambi na shughuli zake, akamwambia akimbie.

Jibu linatupeleka hadi Auckland, New Zealand, kwa Arthur Lydiard, aliyezaliwa mwaka 1917, na ambaye riziki yake ilikuwa katika kiwanda cha viatu. Akiwa hajatimiza miaka 30, alitoka na rafiki yake kukimbia maili 5, na yeye aliyejidhania kuwa mzima wa siha akarudi akitweta, kifua kikimwaka. Na kwa kuwa hakuwa mtu wa kuridhika na jambo asilolijaribu mwenyewe, akaugeuza mwili wake kuwa maabara, juma hili akikimbia maili nyingi kupita kiasi na juma lile akizipunguza, hata akaipata kanuni yake kwamba msingi wa mbio zote, ndefu kwa fupi, ni masafa marefu yanayokwendwa kwa mwendo ambao mtu aweza kuzungumza na mwenziwe. Wengi hawakumsadiki, mpaka tarehe 2 Septemba 1960 mjini Roma, siku ambayo wanafunzi wake wawili, Peter Snell na Murray Halberg, walitwaa medali za dhahabu, mmoja kwa mita 800 na mwingine kwa mita 5000.

Siku nane baadaye, katika mji huo huo, mwanafunzi wake mwingine, Barry Magee, alikuwa wa tatu katika marathoni, nyuma ya Rhadi Ben Abdesselam wa Morocco na nyuma ya askari wa Kihabeshi, Abebe Bikila, aliyezimaliza kilomita 42 na ushei kwa miguu mitupu katika saa 2, dakika 15 na nukta 16. Kisa hiki husimuliwa kana kwamba Bikila aliapa kutovaa viatu, na sivyo ilivyokuwa. Viatu alivyopatiwa havikumkaa vyema, ilhali nyayo zake zilikwisha kuizoea ardhi, basi akaona heri kuviacha. Na aliposhinda tena mjini Tokyo mwaka 1964, kwa saa 2, dakika 12 na nukta 11, alikuwa amevaa viatu na soksi. Nakitaja kwa makusudi, maana mguu wake ndio uliotoa hukumu mara zote mbili, na hukumu ya mguu ni jambo ambalo biashara ya viatu ilikuja kulisahau kwa muda mrefu.

Baada ya Roma, Lydiard aliwageukia wafanyabiashara wa Auckland, watu wa umri wa makamo, miongoni mwao wakiwamo waliokwisha kupatwa na maradhi ya moyo, akawaambia jambo ambalo matabibu wengi wa siku zile walilihofu: watoke wakakimbie, taratibu, kila mmoja kwa kadiri ya nguvu zake, wala wasishindane. Mwaka 1962 ikaundwa klabu ya watu hao. Mwishoni mwa mwaka ule ule akazuru Bill Bowerman, mwalimu wa riadha wa Chuo Kikuu cha Oregon, mwenye umri wa miaka 51, aliyejihesabu kuwa mtu mkakamavu. Akaalikwa kukimbia na klabu, na vilima havijaisha akajikuta nyuma ya wote, na aliyebaki kumsindikiza ni mzee aliyepita miaka 70 na ambaye moyo wake ulikwisha kumsumbua zaidi ya mara moja. Bowerman alirudi kwao Eugene akiwa mtu mwingine. Aliwaita majirani kiwanjani, na kwa majuma machache wakawa mamia. Na mwaka 1967, pamoja na tabibu wa moyo W. E. Harris, akatoa kitabu kiitwacho Jogging, kilichouzwa nakala zaidi ya milioni moja.

Ndipo likazuka suala la viatu. Viatu vya mashindano vilikuwapo zamani, kwani J. W. Foster wa Bolton, Uingereza, alianza kutengeneza viatu vya misumari mwaka 1895. Lakini hivyo ni vya ngozi nyembamba, vya mtu mwepesi kwenye kiwanja laini, wala havikumfaa karani mzito kwenye lami. Wanawake ndio waliosahauliwa kabisa. Roberta Gibb, aliyeikimbia marathoni ya Boston mwaka 1966 bila ya kibali, akijificha kichakani hadi wanaume walipoondoka, alikuwa amefanya mazoezi yake kwa viatu vya wauguzi, na siku ya mbio alivaa vya wavulana, vipya, vilivyomtoa malengelenge.

Bowerman alikuwa akichana viatu kwa kisu ili aone kilichomo, na tangu mwaka 1964, akishirikiana na mwanafunzi wake wa zamani Phil Knight, aliagiza viatu vya Onitsuka kutoka Kobe, Japani, huku akiwaandikia mafundi wa huko warefushe tabaka laini lifike chini ya wayo mzima. Mwaka 1971, akitafuta soli ishikayo njia pasipo misumari, alichukua chuma ambacho mkewe alikitumia kuokea mikate ya asubuhi, ile yenye miraba kama sega la nyuki, akamimina humo mpira wa maji. Chuma kilinata kikaharibika, ila soli ilipatikana, nayo ikaitajirisha kampuni yao, Nike. Huzuni yangu ni kwamba gundi alizozivuta kwa miaka mingi katika chumba kisicho na hewa ziliidhuru mishipa ya fahamu ya miguu yake, hata fundi huyo akashindwa kukimbia na kiatu alichokibuni.

Mashindano ya watu wa kawaida yalifuata upesi. Marathoni ya New York ya mwaka 1970 iliandikisha watu 127, na 55 tu ndio waliofika mwisho. Parkrun, kilomita 5 za bure kila Jumamosi, ilianza na watu 13 katika bustani ya Bushy, London, mwaka 2004. Na kwetu, marathoni ya Lewa, nchini Kenya, ilianza mwaka 2000.

Kadiri wakimbiaji walivyoongezeka, ndivyo maduka yalivyoongeza elimu ya kuuza: mteja alikanyaga maji, alama ya unyayo ikatazamwa, akaambiwa kuwa wayo wake ni bapa au una tao, na kwamba bila ya kiatu cha namna fulani ataumia. Dhana hii ilipendeza akili, na nadhani hiyo ndiyo sababu haikuulizwa ushahidi mapema. Ulipoulizwa, karibu na mwaka 2010, jeshi la Marekani liliwagawia maelfu ya makuruta viatu, kundi moja kwa umbo la unyayo, jingine viatu vya namna moja tu; majeraha yakawa karibu sawasawa. Benno Nigg wa Calgary, aliyeichunguza miguu kwa miongo mingi, naye akapendekeza kwamba raha ya mguu wenyewe ndiyo mizani bora.

Basi msomaji wangu, iwe ni dukani au kwenye masoko ya mitumba ya Karume, Dar es Salaam, na Gikomba, Nairobi, nenda jioni, mguu ukiwa umekwisha kutanuka kwa kazi ya mchana. Kama ni mtumba, bonyeza povu la soli kwa kidole gumba, na lisiporudi, kiache kiatu hicho. Vaa vyote viwili pamoja na soksi zako, bakiza nafasi ya upana wa kidole gumba mbele ya vidole, kisha kimbia hatua chache hapo hapo; kikikubana, kirudishe, hata kiwe na jina gani.